Kupungua Uzito na Kujenga Nguvu kwa Mazoezi ya Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Wiki 12

Mtu anayeishi chumba na sebule Sinza au Mbagala jijini Dar es Salaam, anayetoka kazini saa kumi na mbili jioni na kufika nyumbani saa mbili usiku kwa sababu ya foleni, hahitaji jimu ili aweze kuvaa tena suruali zake za zamani. Anahitaji nafasi ya kutandika mkeka mmoja, ukuta imara, meza na stuli zisizoyumba, kanga mbili ambazo hazijachakaa, na dakika 30 hadi 40 mara tatu kwa wiki. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo: mtu mzima ambaye hajafanya mazoezi kwa miaka kadhaa, mwenye kitambi au nyama uzembe kiunoni, na anayetaka mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa, yaani kupungua uzito na kuwa na nguvu.

Mambo hayo yanafaa kutenganishwa mapema, kwa sababu anayeyachanganya hukata tamaa kabla mwezi haujaisha. Tumchukue mtu mwenye kilo 80. Nusu saa ya mazoezi ya mwili, ukijumlisha na muda wa kupumzika katikati, itamfanya atumie kalori 200 hivi. Kwa siku tatu ni 600. Kilo moja ya mafuta yaliyohifadhiwa mwilini ina kalori zipatazo 7,700. Kwa hesabu hiyo, mazoezi peke yake hayaondoi hata gramu 100 za mafuta kwa wiki. Uzito hushuka zaidi kwa namna mtu anavyokula na kwa kiasi anachotembea. Kazi ya mazoezi ya nguvu ni kuilinda misuli wakati mwili unapopungua, kwani anayejinyima chakula bila kuitumikisha misuli hupoteza mafuta na nyama kwa pamoja, akawa mwembamba lakini mlegevu, na uzito ukimrudia humrudia kama mafuta zaidi kuliko misuli.

Hatua ya kwanza: afya na vipimo

Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au kisukari, mjamzito, na mama aliyejifungua karibuni, wote waonane na mhudumu wa afya kabla ya kuanza. Kwa mgonjwa wa kisukari jambo hili si la kupuuza, kwa sababu insulini na baadhi ya vidonge vinaweza kuishusha sukari kupita kiasi mtu anapofanya mazoezi. Mwenye presha asibane pumzi wakati wa kunyanyua mwili. Atoe pumzi wakati wa kusukuma, avute wakati wa kushuka. Ukisikia maumivu au kubanwa kifua, kizunguzungu kikali, au moyo kwenda mbio bila mpangilio, acha mara moja na uende hospitali.

Vipimo vinavyohitajika ni viwili. Cha kwanza ni uzito, unaopimwa mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi baada ya kutoka chooni na kabla ya kunywa chochote. Usipime kila siku kama hali hiyo inakukosesha raha, kwa kuwa maji na chumvi pekee vinaweza kuupandisha au kuushusha uzito kwa kilo moja au mbili, na kwa wanawake siku za hedhi nazo hubadili namba. Cha pili, ambacho kwa maoni yangu ni muhimu zaidi, ni mzunguko wa kiuno. Tumia tepu ya fundi cherehani. Tafuta kwa vidole mwisho wa ubavu wa chini kabisa, kisha mfupa wa juu wa nyonga, na upitishe tepu katikati ya sehemu hizo mbili, ikigusa ngozi bila kuibana, mwishoni mwa kutoa pumzi ya kawaida. Kwa kipimo kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani, hatari ya magonjwa huanza kuongezeka kiuno kinapozidi sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke, na huwa kubwa zaidi kuanzia 102 na 88. Andika namba hizo kwenye daftari pamoja na tarehe.

Hatua ya pili: kujua namna ya kuupima mzigo

Anayenyanyua vyuma huongeza au hupunguza sahani za chuma. Anayetumia mwili wake hawezi kuubadilisha uzito wake kwa siku moja, lakini anaweza kubadilisha pembe, kimo na idadi ya viungo vinavyobeba. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea: hufungua video, huiga mtu aliyejengeka, hushindwa pushapu ya tatu, na kuamua kwamba mazoezi hayo si yao, ilhali kilichowashinda ni ngazi waliyoanzia.

Pushapu inalionyesha jambo hili vizuri. Ukiwa sakafuni, miguu imenyooka, mikono hubeba takriban asilimia 64 ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa kilo 80 hizo ni kilo 51. Akipandisha mikono kwenye kitu chenye urefu wa sentimita 30, mzigo hushuka hadi asilimia 55 hivi. Akiipandisha hadi sentimita 60, anabeba asilimia 41 tu, yaani kilo 33. Kwa upande mwingine, akiacha mikono sakafuni na kuweka miguu kwenye kitu cha sentimita 60, mzigo hufika asilimia 74. Zoezi ni lile lile na mwili ni ule ule, lakini tofauti kati ya ngazi ya chini na ya juu inazidi kilo 25.

Anza na ngazi ambayo unaweza kurudia mara 8 kwa umbo sahihi huku ukihisi kwamba mbili zaidi zingewezekana. Hizo mbili ziache. Kufanya hadi misuli igome kila siku kunachosha bila faida ya ziada kwa anayeanza.

Hatua ya tatu: mazoezi matano

Pushapu. Ngazi zake ni ukutani, kwenye ukingo wa meza isiyoteleza, kwenye stuli iliyoegemezwa ukutani, sakafuni, na hatimaye miguu ikiwa juu ya stuli. Viganja viwe vipana kidogo kuliko mabega, vidole vikielekea mbele. Kabla ya kushuka, kaza makalio na tumbo ili mwili uwe mstari mmoja kuanzia kisigino hadi kisogo, kisha shuka kwa sekunde mbili hadi kifua kikaribie kugusa unapoegemea. Viwiko visitanuke pembeni kama mbawa. Vielekee nyuma kwa kiasi, vikiwa nusu ya njia kati ya mbavu na usawa wa bega. Ukiona kidevu kinatangulia chini au tumbo linaning'inia, ngazi hiyo ni nzito kwako leo, na kurudi nyuma si aibu. Wengi huambiwa waanze kwa kupiga magoti. Si vibaya, kwani mzigo huwa karibu nusu ya uzito wa mwili, lakini mimi napendelea meza, kwa sababu mwili unabaki umenyooka wote na kiuno kinajifunza kazi yake tangu mwanzo.

Kuchuchumaa. Wengi wetu tumekua tukichuchumaa: chooni, wakati wa kufua, mbele ya jiko la mkaa. Umbo tunalo, ila miaka ya kukaa kwenye kiti cha ofisi na kwenye daladala huondoa nguvu ya kuinuka bila kushika kitu. Weka kiti nyuma yako, nyayo zikiwa zimeachana kwa upana wa mabega, vidole vimeelekea nje kidogo. Sukuma makalio nyuma, shuka polepole hadi uguse kiti bila kujitupa, kisha simama kwa kusukuma sakafu kwa unyayo mzima. Magoti yafuate mwelekeo wa vidole, yasiporomoke ndani, na visigino visinyanyuke. Kiti kikiwa rahisi, tumia stuli fupi. Stuli ikiwa rahisi, ondoa stuli na ushuke hadi mapaja yawe sambamba na sakafu. Hilo likiwa rahisi, tulia chini kwa sekunde tatu kila unaposhuka. Ngazi inayofuata ni kutanguliza mguu mmoja hatua ndefu mbele na kushuka hadi goti la nyuma likaribie sakafu, na baada ya hapo mguu wa nyuma uwekwe juu ya stuli. Ngazi hizi mbili za mwisho huuachia mguu wa mbele sehemu kubwa ya mzigo, na hata kijana mwenye mapaja imara atazisikia.

Kuvuta. Zoezi hili husahaulika kwa sababu mwili peke yake hauna cha kuvuta, na matokeo yake ni watu wenye vifua vilivyokaza na mabega yaliyoinama mbele. Kanga zinafanya kazi nzuri hapa. Zisokote mbili kwa pamoja ziwe kamba, uzipitishe nyuma ya nondo za dirisha zilizojengewa ukutani, na ushike ncha zote mbili. Kwanza zivute kwa nguvu ukiwa umesimama wima kuhakikisha nondo hazitikisiki. Egemea nyuma mikono ikiwa imenyooka, mwili umekazwa, kisha jivute hadi mikono ifike ubavuni, ukiyabana mabega kwa nyuma kana kwamba unataka yagusane. Kadiri miguu inavyosogea karibu na ukuta ndivyo mzigo unavyoongezeka. Kama huna nondo za kuaminika, funga fundo kubwa kwenye kanga, liweke upande wa pili wa mlango, juu ya kitasa, kisha funga mlango kwa ufunguo. Lazima usimame upande ule ambao mlango hufunguka kwa kusukumwa, ili unapovuta uwe unaukaza kwenye fremu yake. Ukisimama upande mwingine utajiangusha.

Kuinua nyonga. Lala chali, kunja magoti, nyayo sakafuni, kisha inua nyonga hadi mwili uwe mstari kutoka magoti hadi mabega, kaza makalio kwa sekunde mbili na ushuke. Miguu miwili ikiwa rahisi, tumia mmoja. Mtu anayeumwa mgongo kwa kukaa mchana kutwa mara nyingi hulifurahia zoezi hili kuliko yote.

Planki. Egemea mikono ya mbele, yaani kutoka kiwiko hadi kiganja, na vidole vya miguu, mwili umenyooka. Sekunde 20 za kukaza kweli zina faida kuliko dakika mbili za kuning'iniza kiuno. Ukifika sekunde 45, anza kunyanyua mguu mmoja mmoja badala ya kuendelea kuhesabu muda. Mwenye presha afanye vipindi vifupi na asibane pumzi.

Hatua ya nne: ratiba

Chagua siku tatu zenye pengo katikati, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Pasha mwili moto kwa dakika tano: tembea papo hapo ukiinua magoti, zungusha mabega na mikono, chuchumaa nusu mara chache, piga pushapu kadhaa za ukutani. Wiki mbili za kwanza fanya seti mbili za kila zoezi (seti ni marudio unayoyafanya mfululizo bila kupumzika), ukipumzika sekunde 60 hadi 90 kati ya seti. Lengo la kipindi hiki ni kujifunza umbo, na ukimaliza ukajiona ungeweza kuendelea, hivyo ndivyo inavyotakiwa. Misuli itauma siku ya pili na ya tatu, kisha maumivu yatapoa. Maumivu ya kuchoma ndani ya kiungo, goti kuvimba au bega kushindwa kuinuka si sehemu ya mazoezi, na mkojo kugeuka rangi ya kahawia iliyokolea baada ya kazi nzito ni dalili ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kuanzia wiki ya tatu hadi ya nane fanya seti tatu, na hapa tumia kanuni moja ya kupanda ngazi: ukiweza kufikisha 15 katika seti zote tatu kwa siku mbili za mazoezi zinazofuatana, panda ngazi moja na uanze tena na 8. Kila zoezi hupanda kivyake. Ni kawaida kabisa mtu kuwa amefika ngazi ya tatu ya kuchuchumaa huku pushapu zake bado zipo mezani. Andika kila siku ulichofanya, kwa mfano "pushapu meza 12, 11, 9", kwa sababu kumbukumbu ya kichwani hupendelea kujisifia.

Wiki ya tisa hadi ya 12, weka mazoezi hayo katika mzunguko. Fanya seti moja ya kila zoezi mfululizo ukipumzika sekunde 20 tu kati yao, pumzika dakika mbili, kisha rudia, jumla mizunguko minne. Mapigo ya moyo yatapanda na jasho litatoka. Kipimo cha kasi ni mazungumzo: ukiweza kusema maneno machache lakini huwezi kusimulia hadithi, upo mahali pazuri.

Kuhusu muda wa siku, bora ni ule utakaoutimiza. Kwa Dar es Salaam, hasa Januari na Februari, alfajiri ina nafuu ya joto. Mwezi wa Ramadhani, anayefunga afanye nusu saa kabla ya kufuturu kwa seti pungufu, au baada ya tarawehe akishakunywa maji ya kutosha, na asijaribu kupanda ngazi mpya mwezi huo.

Hatua ya tano: chakula na miguu

Kupungua nusu kilo kwa wiki kunahitaji upungufu wa kalori 500 hivi kwa siku. Hakuna haja ya kuacha ugali wala wali. Anza na vinywaji, kwa sababu ndiko kuna kalori zisizoshibisha. Mtu anayekunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu vya sukari, anameza karibu kalori 190 za sukari tupu, ambazo zinakaribia mazoezi yake yote ya siku. Soda nyingi zina sukari gramu 10 au zaidi katika kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya mililita 350 hubeba karibu vijiko tisa vya chai. Kinachofuata ni mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori 120 hivi, na mkono unaomimina moja kwa moja kutoka kwenye kidumu haujui vijiko. Pima mafuta kwa kijiko kwa wiki moja uone.

Kwenye sahani, nusu iwe mboga za majani kama mchicha, matembele au kabichi, robo iwe ugali, wali au ndizi, na robo iwe chakula chenye protini. Anayepungua anahitaji protini zaidi ya kawaida, gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na hapa dagaa ni mkombozi wa mfuko: gramu 30 za dagaa wakavu zina protini gramu 15 au zaidi, sawa na mayai mawili na nusu. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kinatoa kiasi kinachokaribiana na hicho. Chipsi mayai haijaharamishwa, lakini iwe ya siku maalumu.

Kisha kuna kutembea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za kazi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku mbili. Mazoezi matano hapo juu yanatimiza sehemu ya pili. Ya kwanza itimizwe kwa miguu. Shuka kwenye daladala vituo viwili kabla ya chako, au zunguka mtaa dakika 30 baada ya chakula cha jioni. Kwa mtu wa kilo 80, saa moja ya mwendo wa haraka hutumia zaidi ya kalori 300, bila kumchosha kwa mazoezi ya kesho.

Mambo ya kuepuka

Sitapu mia kila asubuhi haziondoi kitambi, kwa kuwa mwili hauchagui mafuta yaliyo karibu na msuli unaofanya kazi. Kuvaa jaketi au nailoni ili kutoa jasho hupunguza maji, na uzito hurudi kwa glasi chache. Katika joto la Pwani ni njia ya kuzimia. Mikanda ya tumbo hubana tumbo na kuacha mafuta yalipo. Kuruka kichura, tulikokujua shuleni na wengine JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kama adhabu, hakumfai mtu mzito anayeanza, kwani kila anapotua magoti hupokea mzigo mkubwa kuliko uzito wake. Vivyo hivyo mazoezi ya Tabata, sekunde 20 za kazi na 10 za mapumziko mara nane: utafiti wa Izumi Tabata uliotoka mwaka 1996 ulifanywa kwa vijana wenye mazoezi, wakiwa kwenye baiskeli za maabara, kwa kasi ambayo anayeanza hawezi kuifikia.

Namba zikikwama

Uzito usiposhuka kwa wiki tatu, angalia kiuno kwanza. Kiuno kikipungua huku kilo zimesimama, usibadilishe kitu, mafuta yanatoka na misuli inajengeka. Kama vyote viwili vimesimama na daftari linaonyesha unapanda ngazi, tatizo lipo jikoni: andika kila unachokula na kunywa kwa siku saba, pamoja na karanga za njiani na kile unachoonja ukipika. Kama hata ngazi hazipandi, tazama usingizi kabla ya kuongeza mazoezi, kwa sababu anayelala saa tano usiku na kuamka saa kumi alfajiri ana mwili usiopata muda wa kujijenga.

Ukikosa wiki moja kwa safari au homa, rudi ulipoishia kwa seti moja pungufu. Ukikosa mwezi, shuka ngazi moja katika kila zoezi. Baada ya wiki ya 12 fanya wiki moja ya nusu ya kazi yako ya kawaida, pima upya uzito na kiuno, na uamue: anayetaka kuendelea kupungua arudie ratiba kuanzia wiki ya tatu kwa ngazi alizofikia, na aliyeridhika abaki na siku mbili kwa wiki za seti tatu tatu, ambazo zinatosha kuitunza nguvu aliyoipata, mradi aendelee kutembea.